Nyuso Saba za Mpishi

Kati ya wanaume wote wa Kamalondo, mimi ndiye niliyeambiwa waziwazi kwamba ndevu zangu zitaniua. Aliyeniambia hakuwa daktari wala mganga. Alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mpishi wa Wazungu aliyestaafu, na aliniambia asubuhi kweupe, mbele ya wateja, nikiwa nimeinamia cherehani yangu barazani.

"Weye, Tailleur," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi fundi cherehani, "siku gesi itakuya, itapita mu ile ndevu yako, itaingia mu pua, utakufwa. Kata."

"Gesi gani tena, yaya?" Alinizidi miaka kumi na kitu, na kwetu kaka mkubwa ndiye yaya.

"Gesi ya vita. Ile haipigake hodi."

Nikazikata. Nilicheka, lakini nilizikata, na wateja wakacheka zaidi. Mpaka leo nikipita mbele ya kioo nazikumbuka, maana zilikuwa ndevu za heshima.

Ukoo wake siujui na sitajifanya naujua. Ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Kwetu ni mu jikoni," akakugeuzia mgongo. Mtaa mzima tulimwita Mpishi. Mkewe naye alimwita hivyo, hata alipokuwa na hasira naye, na mara nyingi alikuwa na hasira, kwa sababu ya baiskeli.

Kisa cha baiskeli ni hiki. Mpishi alimpikia kwa miaka mingi kommanda mmoja mzee, huko upande wa mji wa Wazungu. Huyo kommanda alikuwa amepigana vita vya kwanza vya Ulaya, vile ambavyo watu waliuawa kwa moshi, na alirudi navyo vinyago vya kujikinga na moshi huo, maski kama sote tulivyoviita. Hakuwa na moja tu. Alizikusanya kama watu wengine wanavyokusanya stempu: ya kwanza kabisa iliyoshonwa kwa haraka, ya pili iliyosahihisha makosa ya kwanza, na kuendelea. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja, kifua kimechakaa, alimwita Mpishi akamwambia achague: baiskeli mpya au sanduku la maski. Mpishi akachagua sanduku.

"Velo ilikuwa na kengele," mkewe alikuwa akituambia, kwenye ubatizo, kwenye kilio, kisimani, popote palipokuwa na watu wawili wa kumsikiliza. "Na taa. Njo muntu analeta sanduku ya bichwa!"

Ndani ya sanduku zilikuwemo nane. Nilizishika zote kwa mikono yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshona mikanda yake ilipokatika, na kila mara nililazimishwa kunawa kwa sabuni mara mbili. Moja ilikuwa kitambaa cha pamba tu chenye kamba nne, cha kufunga mdomo na pua, na mtu angedhani ni nepi ya mtoto. Nyingine ilikuwa mfuko wa flaneli ya kijivu, unaovaliwa kichwani mpaka mabegani, wenye macho mawili ya kioo na kifilimbi cha kutolea pumzi. Kulikuwa na ya ngozi iliyobeba kopo mbele kama pua ya nguruwe. Kulikuwa na ya mpira mtupu, laini, ambayo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa.

Aliiua kwa mapenzi. Aliona mpira umeanza kukauka na kupasuka kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi, naye akawaza kama mzazi yeyote wa hapa: ngozi ikikauka unaipaka mawese. Aliipaka asubuhi, akaipaka jioni, akaikanda kama wanavyokandwa watoto wachanga. Baada ya wiki mbili ile maski ilikuwa imelegea. Baada ya mwezi ilikuwa uji. Alikuja kwangu ameibeba kwenye sinia, macho yake ya kioo yamezama katikati, akaniuliza kama ninaweza kuishona.

"Yaya, hii ni ya kula na kijiko," nilimwambia.

Hakucheka. Aliizika nyuma ya nyumba, na nimeona watu wakizikwa kwa haraka zaidi. Tangu siku hiyo zikabaki saba, na sheria zikaanza. Hakuna mafuta. Hakuna jua. Hakuna kidole chenye jasho. Kila maski ijazwe majani makavu ndani ili uso usibonyee, na majani yabadilishwe kila yanapoanza kunuka. Mara moja kwa mwaka, baridi ya kiangazi ikiingia na hewa ikiwa kavu, zitolewe zote nje zianikwe kwenye kamba, kivulini, kuanzia asubuhi mpaka saa sita.

Siku ya kuanika ilikuwa sikukuu kwetu. Hebu fikiria nyuso saba zinaning'inia kwenye kamba, upepo unazigeuza, mara zinakutazama, mara zinakupa kisogo. Mgeni mmoja aliyefika kutoka Mitwaba na kuku wake wawili alisimama njiani, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu walikuwa ndugu. Polisi mmoja mpya alitaka vitambulisho vyao. Mpishi alikuwa amekaa chini ya kamba kwenye kigoda, na kifimbo mkononi, akifukuza nzi.

Kilichonishangaza ni kwamba mtu huyo hakuwa mchoyo hata kidogo kwa jambo lingine lolote. Chungu chake hakikuwa na mwenyewe. Ukipita saa ya chakula, unakula, na ukijifanya umeshiba anakasirika. Aliweza kumpa mtu shati alilovaa. Lakini maski! Wakati moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba ulipogeukia upande wetu, na mtaa mzima ukakohoa mpaka machozi, Mpishi alikohoa pamoja nasi, ameinama, ameshika magoti, na hatua tatu nyuma yake lilikuwa sanduku lenye maski saba. Nilimuuliza kwa nini asivae hata ile nepi.

"Ule ni moshi ya kazi," alisema, akifuta macho. "Maski ni ya moshi ya vita. Hautumiake sufuria ya Noeli siku ya kazi."

Vijana wa mbeni, wale waliocheza ngoma ya kijeshi Jumapili wakiwa na majenerali wao na magavana wao wa kujitungia, walimwomba azikodishe kwa mashindano. Walimwahidi cheo cha Kanali. Walipandisha mpaka Gavana. Aliwafukuza kwa mwiko, na jioni hiyo hiyo akawapelekea sufuria nzima ya maharage.

Kilichompa jina mtaani hasa ni orodha. Mpishi alitangaza kwamba siku gesi itakapofika mjini kwetu Élisabethville, yeye ataokoa watu saba, na kwamba ameshawachagua. Orodha haikuandikwa popote, alikuwa nayo kichwani. Mkewe alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mkunga, kwa sababu kuzaliwa hakungoji vita viishe. Kulikuwa na watoto wawili wa mjane wa pembeni. Kulikuwa na mlevi mmoja aliyepiga kengele ya kanisa, maana lazima mtu awaambie wengine wakimbie. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeuza maji, sababu hakuisema. Na kulikuwa na mimi.

"Na weye mwenyewe, yaya?" nilimuuliza.

"Mupishi anakulaka wa mwisho."

Basi watu wakaanza kugombea nafasi. Mtu mmoja alisafiri kutoka Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na kapu la samaki wakavu ili mkewe aingizwe. Mpishi aliwapika wale samaki kwa nyanya na vitunguu, akaita mtaa wote, tukala tukajilamba vidole, kisha akamshukuru mgeni na kumwambia nafasi hakuna. Padri wetu, Mzungu mwenye ndevu zilizofika kifuani, alipita siku ya kuanika, akaziangalia, akauliza kwa utani kama naye amewekewa moja.

"Mon père, samahani," Mpishi alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli. "Na ile ndevu, maski haishike ku uso, haiwezekane. Weye hautaokoka."

Akina mama walijishika midomo. Padri alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini Jumapili iliyofuata, alipoinua mikono altareni, niliona zile ndevu zimepungua vidole viwili, na sikuwa peke yangu kuona.

Nisisahau jambo moja, ingawa wakati ule sikulipa uzito. Mwaka ule aliorithi sanduku, miezi michache tu baada ya kutangaza orodha, Mpishi alitoka jikoni kwake na macho mekundu kama nyanya, akakaa siku nne bila kusema na mtu. Tulipouliza, mkewe alijibu kwa niaba yake kwamba alikuwa anakata vitunguu. Mpishi wa miaka yote hiyo, kushindwa na vitunguu! Tulimtania tukachoka.

Kisha vita vya pili vikaanza huko Ulaya, na watu wetu wengine wakapelekwa kaskazini kupigana. Uvumi ulikuwa mwingi. Ilisemwa gesi itakuja kwa ndege, itakuja kwa treni, itakuja ndani ya magunia ya unga. Na kwenye mtaa wetu tu ndiko watu walikolala usingizi. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Mtu asiyekuwa kwenye orodha alikuwa na jirani aliyekuwemo, au aliamini atapandishwa, na hiyo ilimtosha.

Katika miaka hiyo ya vita ndipo lilipotokea jambo la mbuzi.

Binti yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Kasai, karani, mtu wa adabu. Wakwe walikuja siku mbili kabla na mbuzi wa mama, yule anayetolewa kwa mama wa bibi arusi kwa kumbeba mtoto mgongoni. Ni mbuzi wa heshima, haitakiwi apate hata mchubuko kabla mama hajamshika kamba mbele ya watu. Nilimfunga nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kisima cha zamani, kikavu, ambamo mtaa ulitupa taka kwa miaka, na mimi nilikuwa nimekifunika kwa mbao. Mbuzi akachomoka, akapanda juu ya mbao, zikavunjika.

Tulimsikia akilia chini. Hakuwa amevunjika, alilia kwa nguvu za mbuzi mzima. Nikaleta kamba ndefu. Mpishi, aliyekuwa amefika kabla ya wote, aliteremsha kibatari kwa uzi. Kilipofika nusu ya kisima kikazimika. Akakipandisha, akakiwasha, akateremsha tena, kikazimika pale pale.

"Hewa iko mubaya," alisema. "Kule hauende."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na furaha yangu ilikuwa kubwa. "Yaya, maski! Leta ule mufuko ya flaneli. Niko ku liste. Leo njo siku yangu!"

Watu wote wakashangilia. Mpishi alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Aliikusanya kamba yangu, akaitia begani, akavuka njia, akaingia kwake, akakaa juu ya sanduku.

Nilimfuata. Nilimwomba kwa upole, kisha kwa machozi, kisha kwa matusi. Mke wangu alipiga magoti mlangoni. Mpishi alikaa juu ya sanduku na kamba yangu mapajani, midomo imefungwa, jasho linamtoka.

"Sitoe," alisema.

"Juu ya mbuzi moya unanifanyia ivi?"

"Sitoe, Tailleur. Nitukane tu vile unapenda."

Nilimtukana vile nilivyopenda. Nilimwita mkono wa birika, nilimwita mlinzi wa vichwa vya maiti, nilimwambia aniondoe kwenye orodha yake na amweke mbuzi. Niliporudi nyuma ya nyumba yangu kisima kilikuwa kimya. Mjomba wa bwana arusi alikuwa amekaa ukingoni, kofia mkononi.

"Mbuji ya mama inakufwa mbele ya mama kuishika," alisema kwa matamshi ya kwao Kasai. "Hii ni neno."

Arusi ilisogezwa mbele masika nzima. Waliooana walioana, na wana watoto sita, lakini binti yangu alilia miezi ile yote, na mimi nilimhesabia Mpishi kila chozi. Miaka minane sikuvuka njia ile. Nilimwona kila asubuhi, akanisalimu kila asubuhi, nikaangalia sindano yangu. Mtaa ulikuwa upande wangu. Alipoanika maski zake kila kiangazi, watu walipita wakisema kwa sauti, "Choyo anaanika!" naye aliendelea kufukuza nzi. Chungu chake hakikufungwa, ila waliokuja kula walipungua.

Mwaka wa nane, mwanzoni mwa baridi, mkewe alivuka njia. Alisimama mbele ya cherehani yangu, mzee, amejifunga kitenge kifuani.

"Macho yake haione tena tundu ya sindano," alisema. "Mukanda moya ilikatika. Kuya."

"Ashone kwa midomo yake."

"Kuya, Tailleur," alisema. "Miye njo nakuita, si yeye."

Nilikwenda kwa ajili yake. Mpishi alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, kifua kinapiga filimbi. Nilinawa mara mbili bila kuambiwa, na hilo liliniudhi. Nikakaa, nikachukua mfuko wa flaneli, nikaanza kushona mkanda wake. Nikafunga fundo.

"Ile yote ilikufwaka zamani," Mpishi alisema.

"Nani alikufwa?"

"Bimaski. Dawa ya kukamata gesi iliisha mu kitambaa. Commandant aliniambia labda iko nzima, labda haiko. Nilitaka kujua. Nilifunga mulango ya jikoni, nikachoma pilipili ku makaa, nikavaa uyu mufuko."

"Nilimukuta chini," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Na mufuko ku kichwa. Nikamuvuta na miguu. Bitunguu!"

Nilikaa na sindano mkononi. Zile siku nne za macho mekundu zilinirudia zote.

"Na hata ingekuwa nzima," Mpishi aliendelea, polepole, akitafuta pumzi kati ya maneno, "maski inasafisha hewa, haizalake hewa. Mu kisima yako hewa ilikuwa haiko. Taa ilizimika, haukuona? Ungefika chini na mufuko yako muzuri, ungelala pembeni ya mbuzi. Njo maana nilibeba kamba yako."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mbele ya ile bantu yote? Vita ilikuwa iko, Tailleur. Bantu balikuwa banalala. Ningesema, nani angelala tena?" Akageuzia uso ukutani. "Na tena nilikuwa na haya. Niliacha velo juu ya ile bintu. Kuitwa choyo ni moshi ya jikoni, muntu anazobea. Kuchekewa, hapana."

Miaka minane nilikuwa nimemnunia mtu kwa sababu alikataa kuniua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na nasema wazi nililia, mkewe akanipa kona ya kitenge chake. Mpishi alinyoosha mkono chini ya kitanda, akavuta kitu. Ilikuwa kamba yangu, imekunjwa vizuri, imejazwa majani makavu katikati ili isibonyee.

"Chukua," alisema. "Niliitunza."

Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua mbuzi, mweupe, mwenye afya, nikamfunga kwa kamba hiyo hiyo na kumvutia kwa Mpishi. Ilikuwa siku ya kuanika. Walikuwa wamemtoa nje na kumkalisha kwenye kigoda chini ya nyuso zake saba, kifimbo mkononi, blanketi mabegani.

"Yaya, ni mbuzi ya mama," nilisema.

"Miye mama ya nani?"

"Ya miye. Mama anabebaka mutoto ku mugongo. Weye ulinibeba na kamba."

Alimtazama mbuzi muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akaishika kamba mbele ya watu, kama inavyotakiwa, na mkewe akapiga vigelegele. Tukamfunga mbuzi kwenye nguzo. Nilikaa chini, tukaanza kuzungumza habari za miaka minane, na zilikuwa nyingi: nani alioa, nani alizikwa, padri mpya asiyekuwa na ndevu kabisa, ambaye angeokoka bila shida.

Kamba haikuwa kamba tena. Alikuwa ameitunza kwa sheria zake zote, lakini miaka minane ni miaka minane. Hatukusikia ilipokatika. Tulisikia mkewe akipiga kelele, tukageuka, na mbuzi alikuwa amesimama chini ya ile kamba nyingine, ya kuanikia, ameuteremsha mfuko wa flaneli, amekwisha kula upande mmoja mpaka kwenye jicho, na mkanda niliouunga jana unaingia mdomoni polepole.

Niliruka. Mkewe alishachukua ufagio. Mpishi, yule aliyemfukuza kwa mwiko mtu yeyote aliyegusa maski kwa kidole chenye jasho, aliinua kifimbo chake akatuzuia sisi wawili.

"Wacha ikule," alisema. "Ule mufuko njo ulitaka kukukula weye kwanza, Tailleur."